Rundo la Nne kwenye Mpaka wa Kale

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo nimeanza kupima njia yangu. Hatua yangu ni sentimita 71. Nimeihakikisha mara tatu kwa utepe wa fundi cherehani. Kilomita tisa ni hatua 12,676. Hapa Bwera hakuna mwingine mwenye hesabu hii. Mama Elise, mshindani wangu, akiulizwa njia yake ina urefu gani, anajibu kwamba ukiondoka baada ya chai unarudi wakati wa kupika.

Niandike mambo yalivyo, maana watu husahau nani alihangaika. Wilaya inatafuta njia moja ya wageni wa kutembea msituni. Itachorwa kwenye bango kubwa la barabarani, na mwenye njia atakuwa mkuu wa waongoza wageni wote. Masharti ni matatu. Iwe ya mviringo, mgeni asirudi alikopita. Ifuate barabara ya zamani ya wakoloni na mpaka wa zamani, ule wa kabla ya mpaka kuhamishiwa mtoni. Na iwe na marundo ya mawe ya mpaka yasiyopungua manne. Tumebaki wawili: mimi, na Mama Elise wa Butembo, upande wa Kongo, muuza vitunguu. Ukaguzi ni Jumamosi.

Nimeacha boda boda kwa ajili ya jambo hili. Mimi ni mtoto wa kiume wa tano, kwetu Wakonzo jina langu Thembo linasema hivyo, na shamba la baba liliishia kwa wa tatu. Nilikulia Kikorongo, nikiuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya malori. Hakuna aliyenipa kitu. Kuwa mkuu wa chochote ni haki yangu.

Nikapanda. Barabara ya zamani imetandikwa mawe yaliyobebwa kwa vikapu, jiwe kwa jiwe, na miti imeota katikati yake minene kuliko nyumba yangu. Nilihesabu vizuri hadi hatua 1,118. Hapo ukungu ukapasuka. Chini kabisa nikaona Ziwa George, jeupe, na mitumbwi ya Kahendero kama punje za mtama. Juu nikaona theluji. Theluji, na mimi natokwa jasho. Ilikaa dakika nne, ikafunikwa.

Hesabu ikapotea. Nikashuka kuanza upya. Mlima huu hauna huruma na mtu wa kazi.

Mara ya pili nilifika mgongoni, mpaka wa kale unapopita. Kushoto kulikuwa kwa Mbelgiji, kulia kwa Mwingereza. Siafu walikuwa wanavuka, msafara mrefu, bila kuulizwa lolote. Nikahesabu marundo. Matatu. Nikarudia. Matatu.

Mama Elise ana manne. Anakatia njia ya kijitoni, na la nne liko huko. Mimi naendelea na mgongo wa mlima, kwenye mandhari, halafu nateremka. Mandhari hayahesabiwi.

Jumanne, 8 Julai

Suluhisho nimelipata wakati nanyoa ndevu. Kama rundo halipo, lijengwe.

Nimebeba mawe 31 kwa gunia, safari tano kutoka kwenye korongo jekundu. Nimeyapanga sawasawa na yale ya zamani, makubwa chini. Manyoya ya kijani yanayoota juu ya mawe nimeyabandua kwenye magogo na kuyabandika kwa uji mzito wa mahindi. Ukisimama mbali ungesema lina miaka mia na kumi.

Nimefanya jambo moja bora kuliko Wabelgiji. Marundo yao yako kando ya njia, yamezama kwenye magugu, mgeni anaweza kuyapita akidhani ni kichuguu. La kwangu nimeliweka katikati ya njia kabisa, lionekane kwenye picha.

Nilipomaliza, ndege mmoja mkubwa wa buluu aliruka juu yangu, na mabawa kwa ndani ni mekundu kama kanga mpya. Baada yake msitu ukanyamaza wote. Nikajikuta naongea kwa kunong'ona. Nilikuwa peke yangu, naongea juu ya uji.

Jumatano, 9 Julai

Nyani wamekula uji. Wamekula na manyoya ya kijani. Wameacha mawe yanang'aa kama sahani zilizooshwa.

Nikabandika upya kwa matope. Nilikuwa nafuta mikono nikasikia watu. Nikajificha nyuma ya mti. Mama Elise na wanawake watatu walikuwa wanatoka upande wa pili wa mgongo na vikapu vya vitunguu kichwani, wakielekea soko la Bwera. Walikuwa wanamcheka mume wa mmoja wao, ambaye amenunua redio lakini anaogopa kuifungua isije ikachakaa.

Wakaliona rundo. Kicheko kikakatika. Mama Elise akatua kikapu, akachuma jani bichi, akaliweka juu ya jiwe kwa mikono miwili. Wenzake wakafanya hivyo hivyo. Kisha wote wanne wakageuka na mizigo yao, kwenda kuzunguka mlima. Nimepiga hesabu: hatua 5,000 na zaidi. Hakuna aliyenung'unika. Mimi hunung'unika nikizunguka ng'ombe.

Nikawakimbilia kama mpita njia. Nikamuuliza Mama Elise kuna nini huko mbele.

"Mulima imefunga njia, papa Thembo. Rundo ikiwa pembeni, unaweka jani, unapita. Ikiwa katikati, mutu hapitake. Weye Mukonzo muzima, haukufundishwa?"

Nikamwambia nilifundishwa sana. Akaniangalia viatu. Vilikuwa na matope mekundu. Akaweka sawa kikapu kichwani, akaendelea.

Kikorongo hatukufundishwa marundo. Tulifundishwa kutambua lori litakalosimama.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepanda asubuhi kulibomoa. Mawe 31, dakika ishirini, basi.

Rundo sikuliona. Niliona kilima cha majani. Habari ilishafika sokoni. Kulikuwa na majani ya mgomba, ya mkahawa, ya miti nisiyoijua, na tawi moja limetoka ng'ambo ya mto, maana lilifungwa kwa utepe wa kanisa la Beni. Niliacha kuhesabu kwenye 140.

Nikavua koti. Nikainama. Sauti ikatoka kwenye magugu.

"Wewe raia! Simama hapo. Mikono juu ya kichwa."

Alikuwa afande Ojok wa kambini, na askari wawili. Wametumwa kuangalia kwa nini watu wa nchi mbili wanapanda mlima mmoja. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema nataka kuondoa mawe njiani, ni kazi ya maendeleo.

"Hapana gusa. Hii kitu iko na mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Askari wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Ojok hakucheka. Akaeleza kwamba kwao Acholi ukikuta kitu cha namna hii, unaweka jani na unafunga mdomo, na kwamba yeye amepigana miaka kumi na mitatu bila kupata jeraha kwa sababu anajua wapi pa kufunga mdomo. Akavua kofia. Akaweka jani lake.

Kisha ukungu ukapanda kutoka upande wa Kongo. Ulipofika kwenye rundo ukagawanyika, ukapita kushoto na kulia, na katikati majani yote yakawa yanatetemeka bila upepo. Nywele za shingo zilinisimama, na mawe niliyabeba mwenyewe, najua hata lipi lilinichubua bega.

Niliweka jani. Kwa usalama tu.

Ijumaa, 11 Julai

Hali ni mbaya. Rundo likibaki, njia yangu imekatika: mgeni akilifikia atageuka na kurudi alikopita, na sharti la kwanza limekufa. Nikiungama, nina marundo matatu. Nimekaa na kalamu saa mbili. Mwenye matatu anaweza kuomba huruma. Mwenye njia isiyozunguka hana hata ombi. Nikaamua kuungama.

Nikaenda Kasese, ofisini kwa Bi Musimenta anayesimamia ukaguzi. Nikamweleza yote, gunia, uji, nyani. Akasikiliza huku kalamu imetulia. Akauliza kama nina shahidi. Nikasema nyani.

Bahati yangu, mama yangu mdogo, jina lake Night, alikuwa kwenye benchi hapo nje, amekuja kufuatilia karatasi za kitambulisho chake. Bi Musimenta akamwita, akamuuliza kama analijua rundo la mgongoni.

Mama mdogo akasema analijua tangu akiwa msichana. Walikuwa wakichuma uyoga upande wake wa kivuli. Mama yake alikuwa akiwakataza kuongea wakilikaribia, na siku moja walipolifikia palikuwa na chui amelala kando yake, na yule chui akawaangalia, akainuka, akawapisha. Alisema taratibu, macho kwenye dirisha. Mtu wa mashine ya kunakili aliizima.

Nikamwambia, mama mdogo, nimelijenga Jumanne.

"Wewe ulikulia Kikorongo," akasema. "Utajua nini?"

Bi Musimenta akaniandikia onyo la mdomo, kwa maandishi. Mtu yeyote anayetaka kubomoa urithi wa mlima ataondolewa kwenye mashindano. Nikasaini.

Kibaya zaidi, usiku huu namwona yule chui. Namwona amelala upande wa kushoto, pale nilipoliweka jiwe bapa.

Jumamosi, 12 Julai

Ukaguzi. Bi Musimenta, afande Ojok wa usalama, Mama Elise, mimi. Njia yangu ilitangulia.

Nilitaja hatua kila mia. Kwenye 3,400 afande aliniomba ninyamaze asikie msitu. Mbega walikuwa juu yetu, weusi na weupe, wanaruka kutoka Ubelgiji kwenda Uingereza na mikia yao mirefu nyuma. Bi Musimenta alisahau kuandika. Niliona nashinda.

Kwenye hatua 9,500 tukafika kwenye rundo. Sasa ni kubwa kuliko mimi. Afande akavua kofia. Bi Musimenta akavua viatu, sijui kwa nini, hakuna aliyemwambia. Kila mmoja akaweka jani, nami nikaweka. Kisha wote wakageuka na kurudi tulikopita. Nilibaki nyuma kidogo. Mbele yangu njia yangu iliendelea, safi, hatua 3,176 tu hadi nyumbani. Niliinua mguu. Nikaurudisha.

Mama Elise akatupitisha kijitoni. Hakutaja hatua hata moja. Rundo lake la nne liko chini ya maporomoko, linalowa siku zote, na jua lilikuwa limechora upinde wa rangi juu yake. Aliwaambia wakae tu. Tukakaa. Tukatokea tulipoanzia, wakati wa kupika.

Bango litachorwa njia yake.

Aliningojea pembeni. Akaniambia mawe ya rundo lile ni mekundu, na mawe mekundu hayako mgongoni, yako korongoni, na siku ya Jumanne aliniona na gunia. Nikamuuliza kwa nini basi aliweka jani. Kwa nini alizunguka na kikapu.

"Mardi ile ya gunia ilikuwa mawe yako," akasema. "Mercredi, kesho yake, wamama banaweka majani. Sasa haiko yako tena, papa. Mawe yote ya kule ilianzaka vile, na mutu moja na uzito kwenye bega."

Kisha akasema anahitaji msaidizi wa kukaa nyuma ya wageni na kuwahesabu wasipotee, na kwamba kwa hesabu hamjui mtu kama mimi. Amenishinda, na sasa ananihurumia. Nikamwambia nitafikiria. Sitafikiria.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiria jambo jingine. Kama rundo katikati ya njia lilifunga njia yangu, la pili litafunga ya Mama Elise. Ni haki tupu.

Nimeingia kwa chini, kijitoni, na mawe 12. Safari hii ya kijivu, mtu hujifunza. Pale njia inapobanwa kati ya mwamba na maji, nikayapanga katikati. Dakika kumi na nne. Kazi nzuri kuliko ya kwanza.

Nikaweka jani juu. Mkono ulijiendea wenyewe.

Ndipo nikaona nimesimama upande wa juu, na nyumbani ni chini. Hatua 900 tu. Hakukuwa na mtu. Ningeweza kuruka, au kupita na kukanyaga maji. Nikainua mguu. Maporomoko yalikuwa yananguruma nyuma yangu, na jani lilikuwa linatetemeka. Nikaushusha mguu palepale ulipotoka.

Basi nikapanda. Nikapita rundo la maporomoko, nikaweka jani. Nikafika mgongoni, marundo matatu, majani matatu. Nikateremka barabara ya zamani, mawe yake yote ya vikapuni, na karibu na mwisho theluji ikatokea tena nyuma yangu, ikiwa ya waridi kwa jua la jioni. Nilikaa chini kwenye barabara kama mtoto hadi ilipofifia. Nimefika nyumbani bila kuhesabu hata hatua moja. Miaka arobaini na miwili sijawahi kuona siku ya namna hii, na sina wa kumwambia kwa sababu ataniuliza nilikuwa nafanya nini huko.

Lakini nimeanzia kijitoni na kutokea barabarani, na sikurudi nilikopita. Ni mviringo kamili. Kesho asubuhi naenda Kasese kumwomba Bi Musimenta afungue upya mashindano. Mama Elise ana marundo manne. Mimi ninayo matano, na la tano nimeliweka katikati ya njia, hakuna mgeni atakayelikosa.