Malalamiko Dhidi ya Kichipu Kinachofunga Breki Bila Kuniuliza

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati,

Natumaini barua hii inakukuta salama, chini ya taa isiyopepesa, jambo ambalo ndilo hasa linaloniudhi.

Mimi ndiye mshika breki wa mtambo wetu wa upepo unaoipa zahanati umeme. Nasikia Ijumaa kamati itaamua kama kazi yangu ichukuliwe moja kwa moja na kile kichipu cha kompyuta alichofunga binti yangu, fundi niliyemsomesha kwa jasho langu mwenyewe. Napinga kwa heshima zote, kwa sababu zifuatazo:

1. Kichipu hakina adabu. Mimi kabla ya kufunga breki nilikuwa nalowesha kidole, natazama shuka za wodi zinavyopepea kwenye kamba, kisha nashauriana na goti langu la kushoto. Chenyewe kinapima mwendo wa mapanga ya mtambo na kuamua papo hapo, bila hata kukohoa.

2. Betri zikijaa, kinapeleka umeme wa ziada kwenye tangi la maji. Sasa vichanga vinaogeshwa maji ya uvuguvugu. Tunalea kizazi gani?

3. Friji ya chanjo haizimi tena. Zamani ilipozima, muuguzi mkuu alinijia mwenyewe na kuniita kwa jina langu lote, tena kwa sauti. Siku hizi ananipita kama nguzo.

4. Zamani upepo ulipochafuka, nilikuwa nang'ang'ania wenzo wa breki huku watu wakinitazama kutoka barazani na mama watoto akilia. Sasa mama watoto anakaanga vitunguu vyake kwa utulivu, utadhani hana mume.

Kwa hiyo naomba kichipu kisimamishwe kazi. Kikionekana bado kinahitajika, basi kiwe kinaniomba ruhusa kwanza. Na upepo nao uelekezwe upitie ofisini kwangu kabla ya kuvuma.

Nisalimie wanakamati, wauguzi, na wale wagonjwa wenye nafuu.

Wako mtiifu hadi Ijumaa,
Mshika Breki

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, upepo umevuma vibaya sana. Nimekimbia hadi mnarani, nikakuta mapanga yanapunguza mwendo yenyewe, mpaka yakasimama. Binti yangu alikuwa pale. Alinishika tu mkono. Mwenyekiti, nimeuogopa ule wenzo miaka yote, na yeye alijua tangu akiwa mdogo. Tafadhali, kipitisheni kichipu.