Herufi Moja na Kochi Langu

Jumatatu, tarehe 3
Ndiyo, mimi ni mwandishi, na hapana, sijawahi kumaliza kitabu. Ndivyo nilivyomjibu Mwalimu Miwani leo. Mama huyu kastaafu kufundisha, na badala ya kupumzika kaweka meza jirani na yangu, kwenye kibaraza cha duka la fotokopi, anawaandikia watu barua kama mimi. Kaniuliza nitaandikaje bila kusoma. Nikamwambia kuandika ni kazi yangu, kusoma ni kazi ya wasomaji, nisije nikawanyang'anya watu kazi yao. Kanitazama juu ya miwani kama daftari lililomwagikiwa chai.

Yeye barua moja anaisoma mara tatu kabla ya kuitoa. Mimi sirudi nyuma. Gari langu halina rivasi.

Jumanne, tarehe 4
Mpango. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi mwashi, yuko kwenye kochi letu mwezi wa tano sasa. Alikuja kwa siku mbili. Kochi limeshika umbo lake. Nikikaa mimi, linanikataa. Dawa ni moja: aoe, ahame. Mchumba yupo, nesi, binti wa muuza nyama. Kinachokosekana ni barua ya kumwomba baba mtu. Shemeji anasema mkono wake umezoea tofali, kalamu inamteleza. Nikamwambia shem, umefika.

Jumatano, tarehe 5
Nimeandika. Ukurasa mzima, bila kufuta hata nukta. Mwalimu kaomba aipitie. Nikamwambia asante mama, ila wivu kwa umri huo haufai. Nikailamba bahasha polepole, mbele yake.

Hakukasirika. Kanipa kitabu, eti nisome kurasa kumi kwa siku. Nimekiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Haiyumbi tena. Wanaosema vitabu havina faida wanakosea sana.

Jumapili, tarehe 9
Balaa. Shemeji alikwenda kufuata jibu. Alitokea kazini moja kwa moja, nyundo mkononi. Muuza nyama katoka na shoka la mifupa, na vijana wake watatu nyuma. Shemeji kaacha kiatu kimoja getini.

Jioni kaja nesi mwenyewe na barua, anacheka mpaka anashika ukuta. Katusomea. Kumbe penye "kumuoa" nilikosea herufi moja tu, nikaweka u badala ya o:

"Mzee wangu, naomba ruhusa ya kumuua binti yako mbele ya ndugu zake wote, siku utakayopanga wewe. Nimemfuatilia tangu mwaka jana. Sitaki mwingine, ni yeye tu. Rafiki zangu wako tayari kunisaidia."

Mke wangu hakucheka. Kaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kama sikuisoma hata mara moja. Nikamwambia nesi kaelewa, baba yake hakuelewa, sasa hapo tatizo ni la mwandishi? Chakula changu kimekuja na chumvi ya makusudi.

Jumanne, tarehe 11
Mwalimu kaandika barua nyingine. Kaisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Shemeji kalia. Mimi sikulia, ila nilikumbuka ghafla kitu cha kutafuta chini ya meza.

Muuza nyama kakubali. Sharti moja: shemeji ajenge nyumba kwanza, kwa mikono yake. Mpaka paa likae, abaki alipo. Yaani kwenye kochi.

Jumatano, tarehe 12
Nimewaza, nimegundua kosa lilipo. Barua ni fupi mno kwa kipaji changu. Herufi moja ikikaa vibaya, inaonekana. Kwenye kitabu nani ataiona? Naanza riwaya kesho.

Sasa wewe, unayechungulia daftari hili bila ruhusa na umefika mpaka hapa: una kipaji cha kusoma, usikitupe. Tufanye hivi. Mimi naandika, wewe unasoma kwa niaba yetu wote wawili. Ukiona kosa, rekebisha kimyakimya. Usipoliona, halikuwepo. Jina langu litakaa mbele, lako nyuma, pale chini wanapopaka gundi.

Ukikubali, njoo kibarazani. Ila kitabu cha Mwalimu usikiguse. Meza itaanguka.