Mbolea Yenye Sura

Jumatatu, 3 Machi
Mama katangaza! Kipande cha shamba cha bombani atapewa atakayemlimia spinachi laini kuliko mwenzake, maana meno yake sasa ni ya kuhesabu. Tunashindana mimi na Dada, kila mmoja na tuta lake la spinachi iliyokwisha kuchipua. Kile kipande Baba alikivunja kwa jembe lake, mimi mtoto mdogo nikikaa pembeni nikila udongo. Nakitaka mpaka roho inauma.

Jumatano, 5 Machi
Nimembana bwana shamba mlangoni pa duka la mbolea. Kaeleza kwamba naitrojeni ni ileile, ila huja kwa sura mbili, naitreti na amonia, na kila sura hulipatia jani umbo lake. Dada kabaki anauliza maswali. Mimi neno moja limenitosha: sura!

Nimeomba nimwagiwe zote kiganjani. Naitreti ni chenga za kijivu, zimechujuka. Amonia nyeupe, inang'aa kama sukari. Muuzaji kasema hiyo niende nayo polepole. Wivu tu. Nimebeba yenye sura. Dada kabeba ile mbaya, hata nimemwonea huruma.

Jumapili, 16 Machi
Spinachi yangu imekoza mpaka inakaribia weusi! Nimepita kwenye tuta la Dada nikipiga mluzi. Yake imepauka kidogo, majani yametanuka ovyo. Yangu madogo, manene, yamejikunja kingo. Yanajibana, yana adabu. Nimeongeza mbolea.

Jumamosi, 22 Machi
Kingo zimeungua. Nimezipunguza kwa mkasi wa kushonea wa mke wangu. Kanuna. Hajui vita.

Jumapili, 23 Machi
Mama kaonja. Jani la Dada limeteremka bila matata. Langu kalitafuna, kalihamishia shavu la pili, kalitafuna tena. Nikamsihi aliteme. Kakataa, kasema kalilima mwanawe. Kalimeza. Machozi yakanilenga, sijui nimefikaje uani.

Kipande kachukua Dada. Kaniambia nichukue matuta mawili ya mwisho, tulime pamoja, anifundishe habari za naitreti. Kasema bila kunicheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Nimeitikia.

Jumatatu, 24 Machi
Sijalala vizuri. Mama angemeza hata jiwe, mradi nimelilima mimi. Mtu wa namna hiyo hafanyiwi mzaha. Safari hii nalima kwa akili.

Nimerudi dukani. Kumbe nilichagua haraka! Nyuma ya kaunta kuna nyingine, chenga za bluu, jamani, sura ile! Sijauliza ni ya nini.