Jaji Anayeuza Magodoro

Jumapili, 3 Machi

Nimekwisha! Kituo cha televisheni kimetangaza kuwa kuanzia Ijumaa katuni yetu itazungumza Kiswahili. Mama akapiga makofi. Kipaza akaruka juu ya kochi. (Kipaza ni binti wa mjomba, anakaa kwetu, na tangu azaliwe hajawahi kusema neno kwa sauti ya kawaida.) Bibi akauliza kama wale watu wamehamia huku. Mimi nikajifanya naokota kitu chini ya kochi.

Ni katuni ya familia ya kawaida tu. Baba, mama, binti, babu wa ghorofani, na bata anayeishi kwenye beseni la kuogea. Wote wana pua kama viazi. Ilianza kabla mama hajaolewa na mpaka leo haijaisha. Hakuna anayekua. Yule binti alikuwa mkubwa kwangu, tukawa sawa, sasa nimempita, na bado amevaa gauni lilelile la zambarau. Mvua yao ni mistari mitupu, haimloweshi mtu. Wakati mwingine natamani kukaa sebuleni kwao, pembeni ya pazia, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeniambia nipaze sauti.

Bibi hajui Kiingereza. Mimi nasomeshwa kwa lugha mbili. Basi tangu darasa la nne kazi ya ukalimani ni yangu: kila jioni miguu ya bibi mapajani mwangu, sauti yangu ya chini masikioni mwake, na sebule nzima inageuka buluu kwa mwanga wa televisheni. Hapo tu ndipo sauti yangu hutoka. Shuleni nikiulizwa jina, naangalia viatu.

Sasa naungama. Sijawahi kutafsiri hata sentensi moja!

Siku ya kwanza walisema haraka, tena puani. Nilidaka maneno mawili, "mlango" na "kesho". Bibi ameinamisha kichwa, anasubiri. Nikatunga. Akacheka mpaka akavua miwani. Ningefanyaje? Yule baba anauza magodoro, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile alikuwa amebeba mkoba, nikasema ni jaji. Akicheka hushika kifua, nikasema moyo unamsumbua. Tangu hapo bibi humwombea kila siku kabla ya kulala. Bata ni shahidi muhimu katika kesi. Bibi alipouliza kwa nini binti hakui, nikasema yote tunayoyaona yametokea ndani ya wiki moja. Akatafakari, akasema kumbe, wiki nzito.

Kiingereza changu kilipokomaa, kesi ilikuwa imeshafika mbali. Na bibi humsimulia kila kitu fundi cherehani wa pale kona, na fundi huwasimulia wateja. Mtaa mzima unamjua jaji.

Ijumaa atafungua mdomo na kusema magodoro.

Jumatatu, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Vitufe vya televisheni yetu vilikufa zamani, bila rimoti ni kabati tu. Nikaificha rimoti chini ya mto wa kochi. Safi kabisa! Bibi akaja akakalia palepale. Televisheni ikawaka yenyewe, sauti hadi mwisho, mechi ya mpira. Mama nusura aangushe pasi. Bibi hakushtuka. Alisema hata chombo chenyewe kina hamu na Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa pili, wa kisomi zaidi. Nilimnong'oneza bibi kuwa jaji na familia yake wanaondoka kwa muda. Watakaokuja Ijumaa ni mdogo wake jaji na watu wake. Wanafanana sana, lakini hawana maana, hakuna haja ya kuwaangalia.

Bibi akaniambia nina roho mbaya. Ndugu wa jaji waje mara ya kwanza, wakute sebule tupu? Akavaa viatu akaenda kwa fundi cherehani. Ijumaa watakuja wote: fundi, msusi, mke wa kinyozi, na yeyote atakayekuwa amekuja kupima nguo.

Nimejichimbia shimo, na wageni nimewaalika.

Jumatano, 6 Machi

Jioni Kipaza huwa kwenye mazoezi ya netiboli. Leo kocha hakufika. Kwa hiyo Kipaza alikuwa nyuma ya kochi anashona kifungo, na mimi sijui, namweleza bibi jinsi jaji alivyomhurumia mwizi wa saa.

Akanivuta jikoni. Jaji gani? Mwizi gani? Eti yule alikuwa anatafuta soksi! Akacheka hadi nikaona meno ya nyuma. Kisha akaweka masharti. Niseme ukweli mwenyewe, la sivyo Ijumaa atasema yeye mbele za watu. Na kwa vile vipindi vingine vyote bado ni vya Kiingereza, bibi atahitaji mkalimani wa kweli, tena mwenye sauti inayosikika.

Anataka miguu ya bibi!

Nilibaki jikoni nikitazama bomba likidondosha. Nikifukuzwa kwenye kochi lile, nitaongea wapi?

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kuugua. Mama akanishika paji la uso, akasema niko mzima kuliko yeye. Nikaosha vyombo.

Ijumaa, 8 Machi

Walijaa. Wengine juu ya kochi, wengine kwenye mkeka, fundi cherehani na futi yake shingoni. Bibi amevaa kitenge kipya kwa ajili ya wageni wa ndani ya kioo.

Ikaanza. Yule baba akafungua mdomo chini ya ile pua, akasema kwa Kiswahili safi kuwa magodoro ya stoo yameloa.

 Msusi akauliza jaji ameanza lini biashara. Bibi akamwambia huyu si jaji, ni mdogo wake, masikini hakupenda shule. Wote wakasema ooh. Nikapumua.

Lakini magodoro yakaendelea. Bata akasema kwaa, basi. Mke wa kinyozi akapiga miayo. Ndipo Kipaza akasimama. Akatangaza kwamba hakuna jaji, hajawahi kuwapo, yule ni muuza magodoro tangu siku ya kwanza, na mimi ni mwongo wa kiwango cha juu.

Nilitazama zulia. Nikaona kila uzi wake.

Fundi cherehani akamwambia: Kaa chini, mwanangu. Hii kesi tumeifuata miaka, wewe umekuja juzi. Msusi akaongeza kuwa makelele si akili. Kipaza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani hakikutoka kitu.

Bibi akachukua rimoti akaondoa sauti kabisa. Akaniamuru nisimame niwaambie watu jaji mwenyewe yuko wapi.

Nikasimama. Nikaanza kwa kunong'ona. Wakapiga kelele: Sauti! Nikatazama kioo. Midomo inafunguka, inafunga, buluu inapita ukutani na kwenye nyuso za wale wanawake. Na maneno yakaanza kutoka, sijui kwangu au kwao. Nikasema jaji yuko ghorofani, chini ya kitanda cha babu. Amejificha. Bata amebadilisha ushahidi! Chumba kizima kikasema HA! Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Walipoondoka, bibi alivua miwani akaifuta. Kisha akasema Kiswahili cha yule mtu alikisikia vizuri sana, chote, hiyo ni lugha aliyozaliwa nayo. Nikasubiri kufukuzwa kwenye kochi. Akapandisha miguu mapajani mwangu. Akauliza moyo wa jaji unaendeleaje.

Nikasema unaendelea vizuri.

Akasema basi yeye haachi kumwombea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeapa. Uongo basi! Kuanzia leo natafsiri neno kwa neno. Nimejisikia mwepesi kama aliyevua viatu vinavyobana.

Kiapo kimefika mpaka chai ya asubuhi. Fundi cherehani alipita kuuliza kama yule babu wa ghorofani atakaa peke yake hivyohivyo mpaka lini. Aliuliza kwa huzuni sana, na yeye ni mjane. Kabla sijajua, nimeshasema babu anaoa. Lini? Ijumaa. Kwa sauti ya kawaida kabisa, tena mlangoni, mtu yeyote angeweza kunisikia!

Mpaka saa hizi fundi ameshakata kitambaa. Sare za harusi za wanawake wote, bibi ameomba mikono mirefu. Kipaza naye amepimwa, amenuna, lakini amechagua rangi.

Bibi harusi sina. Nimewaza mchana kutwa dirishani. Kisha nikamkumbuka yule mwanamke mwenye mwavuli anayepita nyuma ya uzio wao kwenye katuni, wakati mwingine, na hajawahi kupewa hata neno moja la kusema.

Nimeshamuuliza. Amekubali.