Rangi ya Yule Paka

Jumatatu, 1 Agosti 1977

Nafasi moja tu! Mtaa wetu mzima, hapa Durrës, umepewa nafasi moja ya kusomea udaktari. Wanaoiwania ni wawili: binti yangu Donika, na Petrit, mtoto wa Llazar wa mlango wa pili. Kamati ya mtaa inaamua Ijumaa ya wiki ijayo. Donika ana kumi kwa kumi katika kila somo. Petrit ana tisa, na mjomba ndani ya kamati.

Mke wangu Vitori anasema nitulie, mtoto kasoma, kazi yetu imekwisha. Nitulie! Huyu mwanamke hajui dunia inavyokwenda. Halafu asubuhi, kwenye foleni ya maziwa, tunakoshikiana nafasi kwa mawe, nimelikuta jiwe la Llazar mbele ya jiwe langu. Langu nililiweka mimi mwenyewe, la kwanza. Mawe hayatembei. Huyo ndiye mtu ninayeambiwa nitulie naye.

Jumanne, 2 Agosti

Kazini. Miaka kumi na saba mimi ni msahihishaji wa gazeti la wilaya na sijapitisha kosa hata moja. Leo habari ilikuwa nyanya: asilimia mia na kumi na mbili ya mpango. Mhariri, Ndugu Refat, akauliza kama mia na kumi na mbili haionekani kidogo, maana wilaya jirani wametangaza mia na kumi na nne. Tukaandika mia na kumi na sita. Wakati wa kurudi nikapitia sokoni. Nyanya hakuna. Nilipouliza, muuzaji akaniambia nikasome gazeti.

Jioni nikalitoa kopo. Ni kopo la maziwa tu, lenye nyaya mbili, lakini ukilichomeka nyuma ya televisheni, Waitaliano hao, marufuku na yote! Blanketi dirishani, sauti chini, sote watatu kimya. Mimi napenda matangazo ya biashara. Leo paka! Paka mweupe, mnene, analishwa nyama ya kopo kwa kijiko cha fedha. Nyama! Vitori alitokwa na machozi, akasingizia vitunguu. Donika akasema yule paka ana ugonjwa wa ini, tazameni macho yake. Daktari huyo! Roho iliniuma kwa kumpenda.

Halafu nikasikia muziki uleule wa paka ukutani. Kwa Llazar! Na yeye anatazama! Nikapata wazo.

Jumatano, 3 Agosti

Nimeandika karatasi ya radi. Mtu yeyote ana haki hiyo: unaandika kosa la mwenzako, unalibandika kwenye ubao wa mtaa watu wote wasome, naye ana siku tatu za kujibu hapohapo. Nimetumia wino mwekundu. “Ndugu Llazar, huoni haya? Vijana wetu wamo mashambani wanatoka jasho, wewe umekaa unamkenulia meno paka mweupe wa kibepari anayelishwa nyama kwa kijiko cha fedha!”

Nimeisoma mara nane. Hakuna kosa. Hata nukta ziko mahali pake.

Vitori kaniomba niichane. Kanikumbusha kwamba siku Donika alipozaliwa gari la hospitali halikuja, na ni Llazar aliyempakia yeye Vitori kwenye baiskeli akaisukuma mpaka wodini. Nikamwambia mambo ya baiskeli ni ya mwaka hamsini na nane. Nimeibandika.

Alhamisi, 4 Agosti

Ushindi! Mtaa mzima ulikuwa mbele ya ubao. Llazar aliisoma mara mbili, polepole, kisha akavua kofia na kunisalimia. Mkewe alibaki amesimama na mfuko mtupu wa mkate, amesahau alikokuwa akienda. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikanunua halua, ikapita.

Donika hakuigusa halua.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekwisha.

Jibu la Llazar liko ubaoni. Amekiri kila kitu, mjanja yule. Upepo uligeuza antena, anasema, akabaki anatazama kwa udhaifu, anajilaumu, anamshukuru Ndugu Kristaq kwa kumfungua macho. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mbaya wa fundi wa bandarini, swali moja: “Naomba Ndugu Kristaq anieleweshe. Sauti hupita ukutani. Amejuaje kwamba paka ni mweupe?”

Watu walisoma, wakanigeukia. Bibi Urani, muuza mbegu za alizeti, akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza mbele za watu, “We Kristaq, masikio yako yameota macho?” Nikajibu kwamba paka wa mabepari wote ni weupe, jambo linalojulikana. Akasema basi niende nikamweleze katibu, maana kanitumia mtu.

Jumatatu, 8 Agosti

Kwa katibu wa mtaa. Nilikuwa na mpango mzuri sana. Nikasema ndiyo, natazama, lakini kwa ajili ya kumjua adui. Ni kazi ya ulinzi! Msahihishaji asiyejua uongo wa adui atautambuaje gazetini? Katibu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikaona nimemweza. Akaniuliza nani alinipa kazi hiyo. Nikasema Ndugu Refat.

Sijui kwa nini nilisema Ndugu Refat.

Kabla ya saa sita mchana Refat alikuwa ameketi mbele yangu, mweupe kuliko paka. Akaapa hajawahi kunituma popote isipokuwa kufuata chai. Akaongeza kwamba amekuwa akinitilia shaka tangu habari ya nyanya, kwa sababu mimi ndiye niliyeng’ang’ania mia na kumi na sita. Mimi! Jioni wakaja kupekua. Kopo wamelipata nyuma ya sanduku. Daftari hili hawakulipata, limo ndani ya buti la mvua. Donika alisimama mlangoni muda wote, akawashikia taa walipochungulia chini ya kitanda chake.

Ijumaa, 12 Agosti

Kamati imeamua. Nafasi imekwenda kwa mpwa wa katibu, mwenye saba. Llazar ameondolewa ufundi, sasa anabeba magunia gatini. Petrit anakwenda jeshini. Sisi tumepewa wiki moja kuhamia kijijini, shamba la ushirika, huko kwenye mabwawa ya Myzeqe.

Nilitaka kumweleza Donika kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila neno moja tu lilizidi. Alikuwa anafunga kitabu chake cha biolojia kwa gazeti. Gazeti la nyanya. Akasema, “Baba, naomba usiseme.” Basi. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Leo nimelia, naandika ilivyo. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi, na maji yakakatika katikati nikasikika nyumba nzima.

Jumatatu, 29 Agosti

Mbu, matope, mkate wa mahindi. Donika amelima pamba wiki nzima, viganja vyake vimechubuka hata kijiko hakishiki vizuri. Vitori anamlisha. Mimi natazama sahani yangu.

Lakini leo kumetokea jambo. Kiongozi wa brigedi yetu ya shamba, mzee mmoja mjane aitwaye Hysni, aliona mikono ya Donika akamtoa shambani. Kampeleka zahanati amsaidie mkunga. Kisha akaja kwetu, akanywa kahawa yetu ya shayiri bila kukunja uso. Akasema barua ya kumpendekeza Donika chuoni ameshaiandika, iko kwenye droo yake, mwakani ataisaini. Alichotaka ni kimoja, na alinitazama mimi: “Mwaka mmoja wa kimya, Ndugu Kristaq. Mtu asilisikie jina lako, basi. Unaweza?” Nikasema naweza.

Donika alirudi anacheka. Anacheka! Alishika taa mkunga akishona kidole cha mtu. Alitueleza kila mshono. Vitori alimsikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Ila mimi najiuliza. Mtu hakujui, anakufanyia wema. Anataka nini?

Jumatano, 7 Septemba

Nimempata Hysni!

Jioni nilipita nyuma ya nyumba yake, kwa bahati tu, mara ya nne wiki hii. Redio! Sauti ya kigeni, habari za nje, wazi kabisa. Ndiyo maana ananitaka niwe kimya. Nimeelewa yote sasa. Mwaka mzima wa nini? Wilaya ikiona uangalifu wangu, watanirudishia kalamu yangu, na Donika atakwenda chuo mwezi ujao, si mwakani. Atanishukuru.

Vitori nimemwambia naandikia ndugu zake. Karatasi ya radi iko tayari, wino mwekundu uleule. Na safari hii nimejifunza! Nimetafuta mstari kwa mstari: hakuna rangi hata moja. Nimeandika maneno ya redio tu, neno kwa neno. Hysni aliizima katikati ya habari, basi nikakimbia nyumbani nikamalizia zilizobaki kwenye redio yangu, nikaziandika zote ili taarifa iwe kamili.

Nimetoka kuibandika. Nimerudi nikamkuta Donika anapiga pasi koti jeupe alilopewa zahanati, anaimba kidogokidogo. Nimemwambia asubuhi apitie ubaoni, kuna habari njema.