Wiki ya Kula Stima, Wiki ya Kubana

Jumatatu, 2 Februari

Habari kubwa! Mradi wa nishati umekiletea chama chetu cha maziwa paneli za sola na betri. Seti moja tu! Na vituo vya kupozea maziwa ni viwili: changu, Kituo cha Juu, hapa Bahati, na Kituo cha Chini, anachosimamia Cheruto. Mmoja wetu atapata, mwingine atatazama.

Fundi wa mradi, jamaa mpole anayeitwa Levis, ametueleza masharti. Wiki hii tutumie stima kama kawaida, yeye apime. Wiki ijayo tubane matumizi, apime tena. Kituo kitakachopunguza kwa asilimia kubwa ndicho kitapewa sola. Amefunga kisanduku cheusi kando ya mita, hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia, kina taa ndogo nyekundu. Halafu akampa kila mmoja wetu brashi. Eti nyuma ya tangi kuna mapezi ya chuma yanayotoa joto, na vumbi likijaa pale mashine inakula stima ya bure. Brashi! Mtu amesomea nishati miaka yote hiyo, kisha anagawa brashi. Nimeitundika msumarini.

Naitaka hiyo sola kuliko Cheruto anavyoitaka. Yeye Desemba hakuwa mahali pangu. Stima ilipotea siku mbili, lita mia sita zikaharibika, na ni mimi niliyesimama mlangoni kuwaambia kina mama. Shosho Wairuri, bibi kizee wa jirani, ana ng'ombe mmoja tu. Alichukua mtungi wake mtupu akaniambia pole. Yeye, kuniambia mimi pole! Sijasahau.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki, povu likabaki mdomoni.

Watapima tumepunguza kiasi gani kutoka wiki hii. Basi wiki hii ndiyo ya kunenepa. Atakayenenepa sana ndiye ataonekana amekonda sana. Cheruto, ninavyomjua, atatumia kama kawaida kwa sababu ameambiwa atumie kama kawaida. Maskini.

Nimewasha taa zote mchana kutwa. Jioni nikasoma mita. Karibu haijasonga! Kumbe hizi taa za kisasa hazili kitu. Nimeshtuka kweli. Nimechemsha maji kwa kettle mara kumi na moja, nikayamwaga. Bado kidogo sana. Mtu mmoja hawezi kuimaliza stima peke yake. Nahitaji watu.

Jumatano, 4 Februari

Jana jioni nilitangaza dukani, na kanisani kwenye mazoezi ya kwaya: mwenye nguo za kupiga pasi alete kituoni, ni bure, hadi Jumapili.

Kufikia saa nne kwaya nzima imefika na majoho thelathini na mawili. Pasi nne kwa mpigo. Mama mmoja akauliza kama anaweza kuleta oveni ya keki. Nikamwambia alete mbili kama anazo.

Halafu akaja Jonah, yule anayechomelea mageti ng'ambo ya barabara. Akataka kujua kama na yeye yumo kwenye hiyo bure. Nikamwambia yeye hasa ndiye yumo. Alipogusa chuma kwa mara ya kwanza, taa zangu zote zilififia, na redio ya kinyozi jirani ikanyamaza. Nilisimama pale nikitabasamu mwenyewe. Huyu mtu anakula stima kama harusi nzima.

Ijumaa, 6 Februari

Mwenyekiti wa chama amekuja bila taarifa! Mzee Kosgei mwenyewe! Nilikauka. Pasi zinafuka mvuke, keki zinanukia, Jonah anarusha cheche, na mimi katikati nimeshika laktomita ya kupimia maziwa, ili nionekane nina kazi.

Akauliza haya yote ni ya nini. Nikamjibu ni kuleta wanachama karibu na kituo. Akatafakari. Akasema ni jambo zuri sana. Akatoka hadi kwenye gari akarudi na suti yake ya mazishi, akaomba suruali ipigwe mkunjo mmoja tu, si miwili kama alivyofanya dobi wake juzi.

Jumapili, 8 Februari

Nimesoma mita. Tumekula mara tatu ya kawaida. Mara tatu! Nikarudi ndani, nikatoka tena, nikasoma upya. Ni kweli.

Kanisani nimempita Cheruto mlangoni nikamsalimia kwa huruma.

Jumatatu, 9 Februari

Wiki ya kubana imeanza. Nimebandika karatasi mlangoni: hakuna pasi, hakuna oveni, asanteni kwa ushirikiano.

Wamekuja tu! Walisoma karatasi, wakaingia. Mama wa keki alikuwa na unga ameshakoroga, akaniuliza nataka aupeleke wapi. Kwaya wana harusi huko Rhonda Jumamosi. Walinikumbusha ni mimi niliyesimama mbele ya kanisa kuwaita. Na Jonah! Kwa sababu ya stima yangu amechukua oda ya mageti matano. Nikafunga mlango. Baada ya dakika kumi nikasikia zzzz nyuma ya ukuta. Amepitisha waya dirishani.

Cheruto amenipigia simu. Anauliza kama nimeshasafisha mapezi ya tangi, kwamba kwake ametoa debe zima la vumbi na manyoya ya ng'ombe. Nikamwambia mimi nashughulika na mambo makubwa kidogo.

Alhamisi, 12 Februari

Matumizi hayapungui! Yanapanda! Watu wa keki wameleta watu wengine wa keki. Leo kuna mtu nisiyemjua kabisa aliyekuwa ananyoa watu kwenye chumba cha kuwekea mitungi. Alinisalimia kama mwenyeji anavyomsalimia mgeni, akanikaribisha kiti.

Siku tatu zimebaki. Lazima nifanye kitu ambacho Cheruto hawezi hata kukifikiria.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni. Sistahili kiti.

Kwa mpangilio. Asubuhi maziwa yakaja, lita mia nne na kitu, ya moto moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe. Hapo ndipo tangi linapokula stima nyingi kuliko saa nyingine yoyote. Nikawaza: nikizima saa moja tu, maziwa hayatajua. Kwaya wameenda harusini na Jonah ameenda nao kula. Nikazima swichi kuu kabisa, saa tatu, ili mtu asije akapitisha waya tena. Saa nne ningewasha.

Ili kupoteza hiyo saa moja nikapanda boda kwenda kumchungulia Cheruto. Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya tangi lake, brashi mkononi, skafu usoni. Siku ya sita bado anapiga brashi! Nilicheka moyoni. Akanikaribisha chai. Chai ikawa na mandazi. Mandazi yakafuatwa na githeri. Akanionyesha mpira mpya aliofunga kwenye mlango wa tangi ili baridi isitoroke, akanieleza, nikasikiliza ili nimcheke baadaye. Nikatoka. Boda ikapata pancha hapo kwenye kona ya mabati. Nikafika saa kumi.

Saa kumi!

Nilifungua mfuniko nikaurudisha mara moja. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Ile harufu haihitaji laktomita.

Nimewasha swichi. Nimewapigia wote kwamba stima ilipotea.

Jumapili, 15 Februari

Tumemwaga. Mtaro wote wa nyuma ukawa mweupe, mbwa wa kijiji kizima wakaja.

Kina mama wamelaani kampuni ya stima, nami nikalaani pamoja nao, kwa sauti. Wa mwisho kuja alikuwa shosho Wairuri na ule mtungi wake wa lita tano. Safari hii hakusema pole. Alitazama mtaro, akanitazama mimi.

"Kihara, jana redio yangu imeimba kutwa nzima," akasema.

Nikamwambia labda ni laini ya upande huu tu iliyokatika. Nyumba yake iko ukuta kwa ukuta na kituo. Akachukua mtungi akaenda. Sikula chakula cha mchana.

Jumanne, 17 Februari

Sina maneno. Ninayo, lakini yamechanganyika.

Mkutano wa matokeo, ghala la chama, wanachama zaidi ya themanini. Levis akatoa kompyuta, akaelekeza projekta ukutani, na pale ukutani, kubwa kuliko mlango wa ghala, mstari mwekundu wenye milima na mabonde. Kisanduku! Nilidhani kinahesabu jumla tu, kama mita. Kumbe kile kitu kinaandika kila dakika tano! Siku, saa, kila kitu! Wiki mbili nzima kilikuwa kimekaa pale kando ya mita kinaandika shajara vizuri kuliko mimi!

Levis akasema kwa upole wake kwamba mstari wa Kituo cha Juu umemshinda kuelewa, labda wenyeji wamsaidie. Akaonyesha mlima wa kwanza, Jumatano, saa nne.

Halafu kiongozi wa kwaya akainua mkono na kusema hapo ni majoho. Watu wakacheka. Mama wa keki akasimama, akaonyesha mlima wake mwenyewe kwa fimbo, na akaeleza kwamba hapa katikati unaposhuka kidogo ndipo alipofungua oveni kutazama kama keki zimeumuka. Zile ncha kali kama meno ya msumeno, Jonah alizitambua hata kabla ya kuulizwa. Alitaka kupigwa picha nazo. Ghala zima sasa linasoma ukuta, kila mtu anajitafuta, watu wanashikana mabega kwa kicheko. Levis akafika Ijumaa, kilima kidogo, dakika ishirini. Mzee Kosgei akakohoa na kusema tusonge mbele.

Nilianza hata kucheka na mimi. Nikadhani yameisha hivyo.

Shosho Wairuri akasimama. Akatembea polepole hadi ukutani akaweka kidole Jumamosi ya pili, pale mstari ulipoanguka hadi chini na kulala kama uzi. "Na hapa?"

Levis akasema hapo kituo kilikuwa kimezimwa, kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Akaulizwa kama ni stima iliyopotea. Akasema hapana, kisanduku kina betri yake na kinaona stima ikija kutoka kwenye nguzo. Ilikuwepo muda wote. Mtu alizima swichi.

Shosho hakuniangalia. Alirudi akaketi, akaweka mkoba wake magotini. Nikasema ni mimi. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilitaka sana kueleza kuhusu Desemba, kwamba nilikuwa naitafuta hiyo sola kwa ajili ya mtungi wake huo huo, lakini hata kichwani mwangu haikusikika vizuri.

Matokeo: Kituo cha Chini kimepunguza asilimia kumi na nane. Kituo cha Juu kimeongeza asilimia nne, hata baada ya saa saba za sifuri. Halafu Levis, bila ubaya wowote, akaongeza kwamba alichungulia nyuma ya tangi langu, na mapezi yamejaa vumbi hadi hayaonekani. Brashi peke yake ingepunguza robo. Robo! Ningeshinda! Kwa brashi!

Walitaka nifukuzwe. Ni Cheruto aliyesimama. Akasema stima ikipotea, maziwa ya Juu yaletwe kwake, kwanza kabisa ya shosho Wairuri. Akasema na Kihara aje Chini pia, paneli zitahitaji mtu wa kuzipangusa.

Mimi, miaka tisa msimamizi, mpangusaji wa paneli! Nimekubali. Nilikuwa nimeshaduwaa, ningekubali chochote.

Jumatatu, 23 Februari

Siku ya kwanza Chini. Paneli ishirini na nne juu ya paa, zinameta. Cheruto ameniletea kitendea kazi kutoka Juu, amekitoa msumarini mwenyewe. Brashi ile ile. Shosho Wairuri ameleta maziwa ya jioni hadi huku kwa miguu, maana Juu hapaamini tena. Amenisalimia, ila kwa kifupi. Nimeamua moyoni kwamba nitamrudishia imani. Nimebadilika.

Levis amepita mchana. Anataka kujua paneli zikipanguswa zinaongeza nguvu kiasi gani. Wiki hii tusiziguse, apime. Wiki ijayo nizipanguse kila siku, apime tena. Tofauti ikiwa kubwa, mradi utaniajiri rasmi, kituo hiki na vingine huko hadi Ndabibi, na pikipiki juu yake. Fikiria shosho atakavyoniona na pikipiki.

Tatizo moja. Paneli ni mpya. Hazina vumbi. Hakuna cha kupangusa.

Nimewaza tangu saa nane. Kile kisanduku cheusi kimefungwa hapa pia, taa yake nyekundu inapepesa tu. Hakinitishi. Kinaandika stima. Vumbi si stima, kitaliandika vipi?

Nimempigia Jonah, anajua mtu anayeuza vumbi la makaa. Ameuliza kama gunia moja linatosha. Nimemwambia alete mawili.