Uzinduzi wa Kiu ya Ganze

Kwa niaba ya Idara ya Faida Yenye Huruma, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba kiu ya Ganze ilizinduliwa rasmi, mbele ya wageni waalikwa na viti vilivyofungwa vitambaa. Mimi, Phineas Mwaringa, Naibu Mkurugenzi, nilikuwepo tangu matayarisho, na nasimulia mwenyewe ili wenye midomo wasipotoshe.

Sera yetu ni nyepesi. Mfanyabiashara hutatua shida ya wananchi, wananchi hulipa kidogo, naye hupata faida. Kazi ya Idara ni kumkutanisha mfanyabiashara na shida. Mfanyabiashara tulikwisha kumpata: Bi Nahla, mwenye maduka Malindi, mama mtu mzima aliyekuwa tayari kutia mtaji wake katika maji. Ilibaki shida, na shida ya maji kila mtu anajua ikaapo. Tukaenda Ganze kuikagua.

Hatukuikuta.

Tulimkuta Kahaso. Mjane huyu alikuwa mchoma makaa. Akauza mbuzi wake, akapata kibali, akavuta bomba kutoka barabarani, akasimamisha tangi na kufungua kioski. Dumu aliliuza kwa bei ambayo hata wachoma makaa wenziwe waliimudu. Kina mama waliokuwa wakitoka alfajiri na kurudi adhuhuri na maji ya tope sasa walikuwa majumbani wakisuka makuti ya kuuza. Na Kahaso mwenyewe alikuwa akiezeka nyumba kwa mabati mapya.

Mkurugenzi wetu, Bwana Alamin, alihuzunika sana. Alinivuta kando akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kuwa haya ndiyo madhara ya wananchi kujitatulia mambo bila uratibu. Bi Nahla akija akawakuta watu wamekunywa wakatosheka, mtaji wake ataurudisha Malindi, na Idara itabaki kuratibu nini? Basi kioski kikatiwa kofuli ya serikali hadi siku ya uzinduzi, kwa madhumuni ya kuhifadhi shida.

"Na watu watakunywa nini, mheshimiwa?" Kahaso alimuuliza Mkurugenzi.

"Ni wiki moja tu, mama. Maendeleo hayataki pupa."

 Kahaso aliitazama ile kofuli, akamtazama Pola, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba kubwa, kisha akaingia ndani. Kesho yake niliwapita kina mama njiani, madumu vichwani, Pola nyuma yao akipumzika kila mara. Usingizi ulinipaa usiku ule, lakini ofisini niliripoti kwamba shida inaendelea vizuri.

Siku yenyewe jua lilitoka na hasira zake. Lori lililobeba maji ya wageni lilizama mchangani huko nyuma, hivyo Mkurugenzi akaanza hotuba bila hata tone mezani. Alizungumzia kiu kwa kirefu na kwa ufasaha, hadi ulimi ukamganda. Dereva akaja kuninong'oneza kuwa gari la Mkurugenzi limechemka na rejeta ni kavu kabisa.

Bi Nahla, jasho likimtoka ndani ya buibui, alimgeukia Kahaso, ambaye tulikuwa tumemketisha mbele kama mfano wa mwathiriwa.

"Mwanangu, hapa kwenu hakuna maji hata ya kulowesha koo?"

"Shikamoo, mama. Yapo, tangi limejaa. Ila Mkurugenzi ameyafunga mpaka kiu izinduliwe."

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Bi Nahla alinyoosha mkono kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akaanza kumfafanulia sera, mkono haukushuka. Akautoa ufunguo. Kahaso akafungua, akamchotea yule mama kikombe safi, na malipo akayakataa. Wakaketi wawili kivulini mwa tangi wakizungumza habari za kupeleka bomba hadi kijiji cha pili. Waliposimama, Bi Nahla aliwatangazia watu kwamba mtaji wake utaingia kwa Kahaso, washirikiane nusu kwa nusu, na Idara haina haja ya kuwakutanisha kwa kuwa wamekwisha kuonana.

Kina mama walishafika na madumu yao. Mkurugenzi akapita moja kwa moja hadi mferejini. Pola, mkono kiunoni, akamwambia kwa adabu kwamba foleni inaanzia kule nyuma. Bwana Alamin akaenda kule nyuma. Zamu yake ilipofika akaelezwa kuwa hapa maji huuzwa kwa dumu, si kwa glasi, naye hakuwa na dumu. Kahaso akamwazima moja la manjano, la mafuta ya kupikia, na maji akamtoza bei ya kila mtu.

Alilibeba begani, suti na yote, maji yakimchuruzikia kwenye tai, hadi garini. Dereva akamimina, akasikiliza, akatikisa kichwa: rejeta inataka dumu la pili.

Mkurugenzi akageuka. Foleni ilikuwa imefika barabarani.